Kofia ya Mtu wa Nyuma

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha polisi, Uccle, Brussels. Tarehe 17 Novemba 2025.
Jina: Naïma Lukman. Umri: miaka 51. Mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura. Kazi: kuhudumia wazee majumbani. Makazi: Saint-Josse-ten-Noode. Anasema kwa Kiswahili, mkalimani yupo.

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja mwenyewe, sikuitwa wala sikulazimishwa.

Namhudumia Papa Mathieu Tanguy, umri miaka 83, nyumbani kwake hapa Uccle, huu mwaka wa sita. Jumatatu hadi Ijumaa ni mimi. Jumamosi na Jumapili ni Keren Nday, binti wa Kolwezi, aliyeanza Machi mwaka huu. Naomba hayo yaandikwe yote mawili: mwaka wa sita, na Machi.

Papa alikuwa mwanajeshi wa majini wa Ufaransa, kwenye ndege iitwayo Alizé, ile iliyorushwa kutoka juu ya manowari kwenda kutafuta nyambizi. Hadithi ya ndege hiyo naijua kuliko ya ukoo wangu. Ilianza kazi mwaka 1959, ikastaafishwa 2000. Pangaboi moja puani, mabawa yanakunjwa ili iingie chini ya sitaha, na bakuli la rada linateremka tumboni ikishafika juu ya maji. Ndani watu watatu, na Papa alikuwa mtu wa nyuma, yeye na mitambo yake. Nimeyasikia hayo nikipiga pasi, nikimkata kucha, nikimlisha supu. Naitikia, "Ndiyo, Papa." Nani mwingine angevumilia?

Kofia yake ngumu ya kurukia, nyeupe, ilikaa juu ya kabati la sebuleni. Kila Ijumaa niliipangusa. Sikuwahi kuambiwa hata niijaribu.

Mwezi wa Oktoba jirani yake, mama mwenye mbwa, aliniambia kwenye ngazi kwamba siku za Jumapili anamsikia mzee akicheka. Maneno hayo hayakunishuka. Mimi Papa huwa ananitabasamia, tena kwa upande mmoja wa mdomo.

Mnamo tarehe 9 Novemba, Jumapili, sikuwa kazini. Nilikwenda soko la Gare du Midi, nikanunua machungwa, nikapanda tramu hadi Uccle. Ilikuwa kama saa tano asubuhi nilipofungua mlango kwa ufunguo wangu. Naulizwa kwa nini nilikwenda siku isiyo yangu. Nilipeleka machungwa.

Nilipofika jikoni, mlango wa sebuleni, anakolala Papa, ulikuwa wazi. Keren alikuwa anamtoa Papa kitandani kumweka kwenye kiti cha magurudumu, kwa ile mashine ya kunyanyulia mgonjwa yenye mikanda na kulabu. Kazi hiyo tumefundishwa kumweleza mgonjwa kila hatua: sasa nakunyanyua, sasa nakugeuza, sasa nakushusha. Mimi sijaruka hata neno moja miaka yote. Keren hakusema kitu. Mapazia yamefungwa, Papa amefumba macho, na yeye anamshusha kimya kimya. Makalio yalipogusa kiti, ndipo akamwambia kwa Kifaransa, "Imenasa." Papa akacheka mpaka machozi.

Neno hilo nalielewa. Ndege ikitua juu ya meli, ndoano ya mkiani lazima inase waya wa sitaha, la sivyo inapitiliza. Papa huko nyuma alikuwa haioni meli. Alingoja tu gizani mpaka rubani amwambie imenasa. Alinieleza hayo mwaka wa kwanza. Na mimi ndiye niliyemsimulia Keren, tena kwa kumcheka mzee, ili ajue anachokwenda kuvumilia.

Kisha Papa akaonyesha juu ya kabati. Keren akaiteremsha kofia. Papa akamvika kichwani kwa mikono yake mwenyewe, juu ya misuko, akasema ni yako, nenda nayo. Keren alikataa, akasema hii ni mali ya familia. Papa akamjibu kwamba familia haijawahi kumtua. Niliyaweka machungwa mezani nikatoka, wala hawakuniona.

Tarehe 12 Novemba Papa alipata kiharusi. Yuko hospitali, hawezi kusema. Tarehe 14 mwanawe, Bwana Cédric, aliona juu ya kabati patupu, akaniuliza kofia iko wapi. Nikamjibu, "Muulize Keren." Huo si uongo, ila niliishia hapo.

Jana Keren alinipigia simu. Alisema, "Maman Naïma, banasema niliiba. Papa yeye mwenyewe alinipatia, lakini hakuna muntu aliona. Kazi itapotea, na makaratasi yangu ya kukaa haiyatoka bado." Nikamwambia Mungu anaona, nikakata simu.

Binti huyo na mimi hatupikiki chungu kimoja. Roho inaniuma hata sasa ninavyosema, na kama mnataka kuandika neno wivu, liandikeni, sitalikataa. Miaka sita nimemwosha, yeye kaja na neno moja. Lakini kofia hakuiba. Alipewa mbele ya macho yangu na mzee mwenye akili zake timamu. Aliyeona ni mimi peke yangu, na natamani angekuwa mwingine.

Nimesomewa yote. Ndivyo nilivyoona, sina la kupunguza.

Sahihi: N. Lukman

Maelezo yamechukuliwa nami, Inspekta Jémima Claes. Shahidi alionyeshwa kofia ngumu nyeupe iliyochukuliwa kwa Keren Nday, akaitambua kwa mkwaruzo ulio karibu na sikio la kushoto. Aliuliza kama Keren Nday atarudishiwa kofia hiyo, akajibiwa kwamba kwa maelezo haya huenda ikawa hivyo. Kisha akaomba kitambaa. Alisema Ijumaa haikupanguswa.