Mama, ile pesa ya korona imekuja tena

Mama yangu mpendwa,

Ile pesa ya korona imekuja tena. Najua ungekuwepo ungeshavaa viatu. Ungekuwa umesimama mlangoni na faili lako la plastiki kwapani, unaniuliza inakuwaje mtu mzima anakunywa chai wakati kuna jambo la serikali.

Safari hii ni dola mia mbili na hamsini. Imeingia kwa jina lako, kwenye akaunti yako, wiki ya tano tangu tukuzike. Niliiona kwenye simu nikiwa kwenye basi, natoka kule kwa wazee wangu ninaowahudumia, nikashuka vituo viwili kabla ya nyumbani ili nitembee kidogo. Nilikuwa nalia na sikutaka watu wa Liverpool, mtaa wetu wa hapa Sydney, wanione nalia nimevaa sare ya kazi.

Unaikumbuka ile ya kwanza? Korona ilikuwa ndiyo imeanza, karatasi za chooni zimeisha madukani, kanisa limefungwa. Serikali ikatangaza kwamba kila anayepokea pensheni, awe mzee au mlemavu, atapewa dola mia saba na hamsini. Wewe ulikuwa na pensheni yako ya ulemavu kwa sababu ya nyonga. Asubuhi moja nikakusomea salio la akaunti yako, kama nilivyokuwa nikikusomea kila baada ya wiki mbili, na ukaacha kuchambua maharage.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Hiyo ya juu ni ya nani?"

"Ni yako, mama. Ni stimulus. Government wamewapa pensioners wote."

"Nani aliniita?"

"Hakuna aliyekuita. Imeingia tu."

"Basi si yangu. Wamekosea, na wakigundua watanikata."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nilidhani ni ushamba. Nilisahau kwamba mimi kambi ya wakimbizi ya Kigoma niliitoka nikiwa msichana, na wewe uliiishi miaka kumi na moja ukiwa mama mwenye kadi ya mgao. Kule hakuna kilichokufikia bila jina lako kusomwa. Siku ya mgao unakaa juani na gunia lako tupu, msomaji anapaza sauti, "Consolata, watu wanne!" nawe unaruka kama umechomwa na kitu. Hukuitwa, hujapewa. Na aliyechukua bila kuitwa, kadi yake ilichukuliwa.

Mpaka huku ulikuwa unatupakulia hivyo hivyo. Unasimama na mwiko juu ya sufuria, unasoma majina yetu kana kwamba tuko mia mbili, kumbe tuko watatu kwenye ghorofa ya pili: wewe, mimi na mwanangu Divine. Mimi nilijibu "Nipo." Divine alijibu "Here, Bibi," na ulimpa hivyo hivyo, ingawa ulinung'unika. Nikiwa na zamu ya jioni uliniita vilevile, na Divine akisema "She's at work," ulikuwa unamkatalia.

"Sema yupo. Ukisema hayupo, sahani yake namfunikia nani?"

Basi, siku tatu hukunipa amani. Siku ya nne nilikupeleka Liverpool kwenye ofisi ya serikali ya misaada ili ukairudishe. Nakuapia, mama, nikiwa mzee sana na nimesahau jina langu, ile foleni sitaisahau. Watu walikuwa wamezunguka jengo zima, waliopoteza kazi kwenye viwanda vya Smithfield, wapishi, madereva, wote na barakoa. Wewe ulikuja na kitenge cha Pasaka, kigoda cha kukunja, chupa ya uji, na barakoa mbili moja juu ya nyingine. Chini walikuwa wamebandika vibandiko vya kusimamia, kila mtu mbali na mwenzake. Wewe ukaona pengo. Na maisha yako yote pengo kwenye foleni ni nafasi inayopotea. Ukawa unasogea. Yule mlinzi mnene akakurudisha kwa upole, "Stay on your sticker, darling." Akigeuka, umeshasogea. Mwishowe ukaweka begi lako kwenye kibandiko cha mbele yako, kama kambini tulivyokuwa tukiweka mawe kwenye foleni ya maji, ukarudi kukaa kwenye kigoda umeridhika. Yule bwana wa mbele aligeuka akakuta begi limemkalia nyuma kama mtu. Nilitamani ardhi ipasuke. Leo nikiikumbuka nacheka peke yangu jikoni.

Akapita msichana na tableti yake anaandika majina. Baada ya muda mrefu akatokea mlangoni akaita, "Consolata?" Alilivuruga kidogo, lakini lilikuwa lako. Ukanyoosha mkono juu kabisa, ukajibu kwa Kifaransa cha shule yenu ya masista, "Présente!" Foleni nzima ikageuka. Ndani ukaweka faili lako mezani na kumwambia, nami nikitafsiri, kwamba umekuja kurudisha pesa isiyo yako. Yule dada alikutazama, akatazama kompyuta, akavua miwani.

"Tell your mum it's hers. She doesn't have to give it back."

"Ameniita jina?" uliniuliza.

"Amekuita, mama. Si umesikia?"

"Sawa," ukasema. Ukakunja kigoda, tukaenda zetu nyumbani. Ile pesa hukuigusa hata hivyo.

Sasa hapa ndipo panaponiuma. Ilipokuja ya pili, nyingine mia saba na hamsini, ilikuwa ni baridi ya mwezi wa saba na zamu zangu zilikuwa zimepunguzwa. Godoro lako lilikuwa limekwisha, asubuhi nilisikia ukiugulia kabla hujafungua macho. Nikakuambia nataka kukununulia godoro zuri kwa pesa yako mwenyewe. Ukasema iache ilale, siku wakiitaka waikute. Nikakasirika. Nilisema maneno ambayo mtoto hamwambii mama yake. Nilisema, "Wewe ulitoka kambini lakini kambi haijatoka kwako." Nilisema unapenda kuteseka. Ulikuwa umekaa kwenye kiti cha jikoni unachambua sombe, majani ya muhogo tuliyotoka kununua Auburn, na mikono yako ikasimama.

Kisha ukanisimulia habari ya Elia.

Nilijua nilikuwa na kaka na kwamba alikufa kambini kwa malaria nikiwa na miaka mitano. Nakumbuka shati lake la njano na jinsi alivyonibeba mgongoni kwenda kuteka maji. Sikujua kwamba baada ya kumzika hukwenda kumwondoa kwenye kadi. Mgao uliofuata walisoma, "Consolata, watu wanne," nawe ukapokea ya wanne. Na siku za uhakiki, msomaji alipomwita kila mmoja kwa jina lake, alipofika "Elia?" ulijibu, "Yupo. Anaumwa, kalala nyumbani." Miezi sita ulijibu hivyo. Kisha jirani akatusemea, kadi ikachukuliwa, na miezi miwili tulikula kwa huruma ya watu wa kanisa. Baba naye akaanza kudhoofika wakati huo. Hakuinuka tena, nawe miaka yote uliamini ni wewe uliyemuua.

"Unga ulisaidia, sikatai," uliniambia. "Lakini siyo unga peke yake, mwanangu. Walipokuwa wakisoma jina lake, nilikuwa nasikia kama bado yuko. Nikisema hayupo, ni nani atamwita tena?"

Nilikuja nikakaa sakafuni, nikaweka kichwa changu kwenye mapaja yako pamoja na majani yote ya sombe, nikakuomba msamaha. Ukanipiga kofi dogo la kichwani, ukasema niinuke, sakafu ina baridi.

Wiki iliyofuata ulinitangulia mwenyewe kwenye kituo cha treni. Tulikwenda Auburn kwenye lile duka la kutuma pesa, ukaituma ile ya pili kwa yule mzee wa kanisa aliyebaki kule kambini, ajenge kaburi la Elia kwa saruji na aweke msalaba. Mimi bado nilikuwa na hesabu za godoro kichwani. Ukasema, "Nilikula cha mtoto wangu. Ndiyo hii namrudishia." Picha ilipokuja kwenye WhatsApp uliishika simu yangu mchana kutwa, nikakosa kupiga simu kazini. Divine akakuchapia nakala kubwa ya rangi, nawe ukaibandika kwenye friji. Na kwa ile ya kwanza iliyokuwa imelala, ulikubali godoro. Ulilala juu yake usiku wa kwanza ukaamka unalalamika kwamba ni laini mno.

Ile ya tatu, ndogo, ya kabla ya Krismasi, ulikuwa umeshazoea. Hukuuliza nani kakuita. Ulinunua sufuria. Mama, sufuria ya watu ishirini, na sisi tuko watatu! Nilikuuliza unampikia nani, ukasema, "Korona itaisha, watu watakuja." Hawakuwahi kuja kula kutoka kwayo ila siku ya msiba wako. Ilituhudumia vizuri sana siku hiyo, nikuambie ukweli. Watu walihesabiwa mlangoni mwa kanisa, tuliimba na barakoa midomoni, na mapambio yako yote yalitoka kama yanaimbwa ndani ya mto wa kulalia. Ungechukia. Lakini wali ulitosha.

Tangu hapo pensheni yako iliendelea kuingia kila baada ya wiki mbili. Sikuigusa, nisikilize, hata senti. Lakini sikwenda kuwaambia. Watu wa mazishi walinipa karatasi, wakanieleza mahali pa kupeleka, nikaiweka ndani ya faili lako na kulifunga. Nilijiambia nina zamu nyingi. Nilijiambia wataona wenyewe. Kila ilipoingia nilifungua simu nikasoma jina lako pale juu, Consolata, na tarehe ya juzi mbele yake, nikaona kama kuna mahali ambapo bado unaitwa.

Halafu ikaja hii ya mia mbili na hamsini. Divine alinikuta nimekaa kitandani kwako na simu mkononi.

"Mum, you have to tell them."

"Najua."

"Bibi would be so mad at you."

"Najua, Divine."

Basi leo asubuhi nilivaa kitenge chako cha Pasaka, nikachukua faili, nikaenda Liverpool. Vibandiko bado vipo chini, vimechakaa, vingine vimebaki nusu. Nilisimama kwenye cha kwangu bila kusogea, ungenionea aibu. Msichana wa tableti akanifikia, akauliza nimekuja kwa ajili ya nani. Nikamtajia jina lako. Sikumwambia zaidi. Akaandika, akaniambia ningoje.

Nikangoja. Nilikuwa sijaleta kigoda.

Kisha mtu akatokea mlangoni na kuita, "Consolata?"

Mama, mkono wangu ulinyooka wenyewe. Na mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema yupo. Nililihisi lile neno kwenye ulimi, na nikaelewa ulivyokuwa umekaa juani na gunia lako, mara sita, na jinsi lilivyokuwa jepesi kutoka. Ulikuwa mdogo kuliko nilivyo mimi leo.

Nikasema, "She's not here. She passed away. I'm her daughter."

Alinipeleka ndani, akanipa kiti na maji. Alikuwa mpole. Nikampa karatasi ya kifo, akaandika anachoandika, akanieleza habari ya pesa, ipi itarudi na ipi haitarudi, sikusikia vizuri, nimeandikiwa. Ilichukua muda mfupi kuliko nilivyodhani. Nilipotoka nje nilikaa kwenye benchi la kituo cha basi na kitenge chako, nikalia bila kujali ni nani ananiona.

Nimekuandikia hii ili usikie kwangu kwamba mimi ndiye niliyekuondoa kwenye orodha. Ile hofu ya kukatwa uliyoibeba toka Kigoma mpaka Sydney, ishushe sasa. Hawakukasirika. Na nikuambie kitu kingine ambacho sikukuambia siku ile ya sombe, kwa sababu nilikuwa nalia: hukumuua baba, na hukumwibia Elia. Ulikuwa mama aliyekataa kumnyamazia mtoto wake jina. Nakupenda sana, na nimekukosa kuliko ninavyojua kuandika.

Jioni hii nimepika sombe kwenye ile sufuria yako ya watu ishirini, kidogo tu chini kabisa, mpaka Divine akacheka kwamba chakula kimepotea. Nikashika mwiko. Sijui ni nini kilinipata, nikaanza kuita kama wewe.

"Divine?"

"Here."

Nikajiita na kujijibu. Kisha mwiko ukabaki hewani, maana mdomo uliendelea wenyewe na ulikuwa umeshasema, "Consolata?"

Nilikuwa nimeshalijibu hilo mara moja leo, na sikuwa na nguvu ya kulijibu tena. Mwanangu, ambaye miaka yote kumi na minne hujawahi kumsikia akijibu kwa Kiswahili, akainuka, akachukua sahani yako kabatini na nyingine ya kuifunikia, akaziweka mbele yangu.

"Yupo," akasema.

Nimekupakulia, mama. Lala salama.

Ni mimi, mwanao uliyembeba mpaka huku.