Ngozi Ndani ya Karai

Jumatatu, 7 Oktoba 1974
Maji yalikuja saa moja, yakakatika saa tatu. Nimefua kaniki za kikundi na leso zote. Vumbi la Voi halitoki, linageuka tu kuwa tope jekundu. Nimeanika kivulini zisipauke. Sketi za katani nimezikung'uta, nikazirudisha kwenye sanduku la bati pamoja na majani ya mwarobaini. Furushi la mwisho bado limo kwenye karai. Kesho. Mgongo unauma. Mwaka wa sita huu natunza nguo za ngoma za akina mama wa Sagalla, na hakuna aliyewahi hata kunishikia upande mmoja wa karai.

Jumanne, 8 Oktoba
Nimefanya upuuzi. Lile furushi nililiroweka bila kulifungua, kwa kuogopa mfereji utakauka. Leo nimelifungua. Ndani ya kaniki kulikuwa na sketi ya ngozi ya Mama Mkawasi. Imelala kwenye sabuni usiku kucha.

Ngozi haifuliwi. Unaisugua kwa pumba za mahindi zinyonye jasho, unaipaka mafuta ya mbarika, basi. Hii ilishonwa na marehemu mama yake. Anaivaa kila akiongoza ngoma, na tarehe ishirini ndiyo mara yake ya mwisho kuongoza. Amesema mwenyewe. Magoti yamechoka, macho yameingia ukungu.

Shanga zilitungwa kwa nyuzi za mishipa ya ng'ombe. Zimelainika kama tambi. Nilipoinua sketi, shanga zote zikamwagika kwenye karai. Nikakaa chini nikalia.

Alhamisi, 10 Oktoba
Ngozi imekauka, ngumu kama ubao. Napaka mafuta, nakunja, nakunjua, napaka tena. Hata ugali wangu unanuka mbarika. Inaanza kulegea.

Shanga nimeziokota zote. Nyekundu, buluu, nyeupe. Mpangilio siujui. Miaka yote hii nimeishika na sikuwahi kuiangalia.

Jumamosi, 12 Oktoba
Nimekumbuka picha tuliyopigwa studio mwaka juzi, Mama Mkawasi katikati. Iko ukutani kwa mwenyekiti wetu. Nikamwambia naichukua nikaisafishe kioo. Uongo huo.

Picha yenyewe haina rangi. Shanga nyeupe zinaonekana vizuri. Nyekundu na buluu zote ni nyeusi. Nimeikodolea macho hadi kichwa kikauma.

Jumanne, 15 Oktoba
Nimemaliza kutunga, kwa uzi wa fundi viatu. Nyeupe ziko mahali pake. Nyekundu na buluu nimebahatisha. Mwenyekiti ameiona, akasema imeng'aa. Mama Mkawasi haoni rangi tena. Hakuna atakayejua. Nimejiambia hivyo kutwa nzima na sijapata nafuu.

Ijumaa, 18 Oktoba
Nimepanda Sagalla kwa miguu kumpelekea aijaribu. Akapitisha vidole safu kwa safu. Shanga nyeupe ni kubwa kidogo, anazijua kwa kugusa. Akanusa mafuta, akatabasamu. "Asante, mwanangu. Umenitunzia kitu cha mama."

Hiyo asante ndiyo iliyonishinda. Nikamwambia yote. Karai, sabuni, picha, kubahatisha.

Akaondoa vidole kwenye shanga. Kisha akasema, "Kwa hivyo ulitaka nicheze nimevaa uongo wako?" Akaniambia niiache sketi, niende. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Jumapili, 20 Oktoba
Ameongoza ngoma akiwa na kaniki tupu. Watu walishangilia sana. Mimi hakuniuliza hali. Ngoma ilipokwisha nikamkabidhi mwenyekiti ufunguo wa sanduku. Nikasema nimechoka. Ni kweli, nimechoka.

Jumapili, 27 Oktoba
Mama Mkawasi alituma mtu niende. Nilimkuta mkekani. Amekata nyuzi zangu zote, shanga zimo kwenye sufuria, sketi mapajani. Pembeni mishipa mipya, imeshasokotwa.

"Keti. Nyekundu tatu."

Nikamwekea kiganjani. Akazigeuzageuza.

"Ni nyekundu?"

"Ni nyekundu, Mama."

Akatunga. Akasema buluu mbili, nikampa. Nyeupe alizichagua mwenyewe. Hakuuliza tena kama ni kweli.

Tumemaliza safu moja hadi jua linazama. Zimebaki sita. Wakati wa kuondoka akanipa ufunguo wa sanduku, ule ule niliomkabidhi mwenyekiti, ulikuwa umefungwa kwenye pindo la leso yake. Nimefika nyumbani miguu imevimba. Nimeuning'iniza kwenye msumari wake.