Sentensi Moja Kuhusu Enock

Jumapili, alasiri. Mwezi wa nne unaelekea kuisha na bado theluji inaanguka, ile nyepesi isiyo na faida, inayoyeyuka ikigusa tu lami na kuacha tope kila mahali. Huku Savage, mji mdogo wa Marekani ninakoishi, watu wameshatoa majembe ya bustani na kuyarudisha ndani mara mbili. Ningekuwa na hali nzuri ningecheka.

Nina hasira. Niseme hivyo kwanza, nisije nikajifanya mtulivu huko chini.

Kwa mgeni wa blogu hii: kazi yangu ni kuwatazama vijana wa vyuo wakicheza mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na pedi za mabega, halafu kuandika kama wanafaa kulipwa ili waucheze. Nawatazama hasa maquarterback. Quarterback ndiye anayeupata mpira kwanza, ndiye anayeamua amrushie nani, na mambo yakiharibika ndiye anayelaumiwa. Kila mwaka mwezi huu timu za kulipwa huchagua vijana kwa zamu, raundi saba, na uchaguzi huo ndio unaitwa draft. Ofisi yetu ndogo pale Eagan huziuzia baadhi ya timu orodha ya majina na ripoti zake. Orodha ya mwisho inatoka kesho adhuhuri.

Ndiyo, mimi ni mwanamke wa Kikisii. Ndiyo, sheria za mchezo nazijua. Nilikuja huku kusomea takwimu, msichana niliyeishi naye chumba kimoja chuoni akanifundisha mchezo huu majira ya baridi tulipokosa pa kwenda, na tangu hapo sijapona.

Tuendelee na hasira.

Alhamisi tuliketi kuifunga orodha. Bosi wangu, Craig, husoma jina, husoma ripoti, halafu husema kijana anapanda, anashuka au anabaki. Tukafika kwa Enock. Enock ni quarterback wa chuo kidogo, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka hapa. Mama yake ni wa kanisani kwetu Brooklyn Center. Hilo nililisema mwenyewe tangu vuli, kwa maandishi, ili asije mtu akasema nilificha. Nilikuwa nimempa raundi ya sita. Si nyota, sikusema ni nyota. Nilisema ana mkono mzuri, anasoma ulinzi wa wapinzani haraka, na timu yenye subira itapata mchezaji.

Craig akamshusha. Hakumshusha hadi raundi ya saba. Alimtoa kabisa, akamweka kwenye ule ukurasa wa mwisho wa vijana ambao labda watapigiwa simu draft ikiisha, au wasipigiwe kabisa. Sababu aliyoitoa ilikuwa fupi: kijana ni mpole mno, hawezi kumtazama kocha wake machoni, nani atamfuata mtu wa namna hiyo uwanjani?

Nikahisi masikio yanapata moto.

Kuna kijana mwingine kwenye orodha hiyohiyo, wa chuo kikubwa cha kusini. Mwaka jana alimfokea mwenzake mbele ya kamera na kuitupa helmeti yake chini hadi ikaruka. Ripoti yake inasema ana moto. Ana moto! Yeye akitukana watu ni kiongozi, Enock akinyamaza ni baridi. Tunawapima vijana hawa kila kitu, hata upana wa kiganja kuanzia kidole gumba hadi kidole cha mwisho, kama tunawanunulia glavu. Kiganja cha Enock kilifaulu. Bega lilifaulu, miguu ilifaulu. Kilichofeli ni adabu.

Nilijaribu kusema. Nilisema kwamba kutazama chini mbele ya mkubwa si uoga. Craig akanisikiliza nusu, kisha akauliza, kwa sauti ya upole kabisa, kama siongei hivyo kwa sababu kijana ni wa kwetu. Craig huyu, ambaye kila mwaka anawapigia debe vijana wa chuo alichosoma yeye, na hakuna anayemuuliza kama ni wa kwao.

Nilikuwa na majibu matatu mdomoni. Sikutoa hata moja. Craig ni mtu mzima, ana umri wa baba yangu mdogo, na mimi nikaitazama meza.

Nilijiona nikiitazama. Nilijua ninachofanya na bado sikuweza kuinua kichwa. Yeye akageuza ukurasa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sikutaka kuliandika.

Nilirudi kwenye dawati langu nikitafuta wa kumlaumu. Nilitaka kujua ni nani aliyempelekea Craig habari za macho ya Enock. Nilimshuku kijana wetu wa video, nikamshuku hata kocha wa chuo. Nikaifungua ripoti. Kwenye kisanduku cha tabia kulikuwa na sentensi moja: akikaripiwa na kocha huinamisha macho wala hajibu. Pembeni kulikuwa na herufi za kwanza za jina langu.

Ni mimi niliyeandika.

Na ubaya zaidi ni kwamba niliandika nikimsifu.

Nakumbuka siku yenyewe. Ilikuwa vuli, nimeendesha gari hadi chuoni kwao kutazama mazoezi. Jumamosi iliyotangulia walikuwa wamefungwa kwa sababu mpira mmoja wa Enock ulidakwa na wapinzani. Mimi nilikuwa nimeirudia video hiyo mara nyingi, na kosa halikuwa lake. Mpokeaji, yaani yule anayekimbia mbele ili arushiwe, alikata kushoto badala ya kulia. Enock aliurusha pale mwenzake alipotakiwa kuwa. Basi kocha akamsimamisha mbele ya timu nzima na kumgombeza kama mtoto aliyepoteza chenji. Enock akasimama, helmeti kwapani, akitazama viatu vya kocha. Akasema "Yes, sir" mara mbili. Hakumtaja mwenzake.

Mazoezi yalipokwisha nilimwona akienda kwa yule mpokeaji. Hakumfokea. Walitembea pamoja njia ile ya kukimbilia, polepole, mkono wa Enock begani kwa mwenzake. Wakairudia. Wakairudia tena hadi watu wa uwanja wakaanza kukusanya vifaa.

Nilisimama pale kwenye baridi nikajisemea, huyu amelelewa. Kwetu, mkubwa akikugombeza ukamkodolea macho, kesi inaanza upya, na safari hii shangazi zako wote wanaitwa. Kuinamisha macho ni kusema: nimekusikia, nimemeza, sitakuaibisha mbele za watu. Inahitaji nguvu kuliko kufoka. Mtu anayefoka hajazuia kitu.

Lakini kisanduku cha tabia kinapokea mistari miwili tu. Katika mambo yote niliyoyaona siku ile, nilichagua la macho. La mpokeaji nililiacha kwenye daftari langu. Nilidhani la macho linajieleza lenyewe. Niliandika kana kwamba ripoti itasomwa na mama yangu.

Miaka kumi na moja katika nchi hii. Mimi mwenyewe nilifundishwa kabla ya usaili wangu wa kwanza wa kazi: mtazame mtu machoni, shika mkono kwa nguvu. Nilifanya mazoezi na mwenzangu wa chumbani hadi tukacheka. Halafu nikakaa na kumwandikia kijana wa watu sentensi ile, nikaifunga, nikaenda kunywa chai. Hasira niliyokuwa nayo kwa Craig haijapungua, msinielewe vibaya. Imepata mwenzake tu.

Leo kanisani nilikusudia kuondoka mara tu baada ya baraka ya mwisho. Sikufika mlangoni. Mama Enock alinidaka kwenye meza ya chai, bado na sare yake ya kazi chini ya koti, kwa sababu alitoka zamu ya nyumba ya wazee moja kwa moja hadi ibadani. Aliniwekea chapati kwenye sahani kabla sijasema kama nina njaa.

"Kemunto, aki niambie tu ukweli," akasema. "Wata-mpick?"

Nilianza kuzungukazunguka. Nikasema mambo ni mengi, timu ni nyingi, hakuna anayejua.

"Kuna timu moja ilimpigia simu ya video wiki jana," akaendelea, uso umemchangamka. "Wazee watatu. Nikamwambia, mwanangu, hao ni watu wazima, usiwakazie macho, usijibizane nao. Akaniambia, 'Mum, I know.' Hakunibishia."

Nikairudisha chapati kwenye sahani. Mama huyu ameamkia wagonjwa wa watu miaka yote hiyo, amemfikisha kijana wake mlangoni kabisa, na amempa pale mlangoni kitu bora alicho nacho. Na mimi ndiye niliyekwenda mbele yake kuwaambia wenye nyumba kwamba hicho kitu ni kasoro.

Kwa hiyo nikamwambia. Yote. Mkutano, ukurasa wa mwisho, sentensi, herufi za jina langu. Nilimwambia kwa Kiswahili na pale iliponishinda nikaingia Ekegusii, lugha ya kwetu. Watu walipita wakichukua sukari.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliweka kikombe chini akanigeukia.

"Kwa hivyo wewe ndio uliandika."

"Ni mimi, Mama Enock."

"Na huyo boss wako alipoisoma vibaya, wewe ulimwambia nini?"

Nikamwambia kwamba nilianza kueleza, halafu nikanyamaza, kwa sababu ni mtu mzima.

"Enock akinyamaza hamuumizi mtu mwingine," akasema. "Kama ni kuumia, anaumia yeye. Wewe uliponyamaza, ulikuwa unamlinda nani?"

Kisha akafunga zipu ya koti na kwenda, kwa sababu alikuwa na zamu nyingine saa nane. Hakuniaga. Katika miaka yote niliyomjua hajawahi kuondoka bila kuniaga.

Nilikaa na swali hilo kwenye gari hadi maegesho yakaisha magari yote isipokuwa langu. Jibu lake si zuri. Nilikuwa namlinda Kemunto. Nilikuwa nalinda nafasi yangu kwenye ile meza, mwanamke pekee, Mwafrika pekee, anayepaswa kila siku kuonyesha kwamba hana upande. Nikaiita heshima. Enock alipomnyamazia kocha wake, mwenzake aliokoka. Mimi nilipomnyamazia Craig, mwenzangu alizama. Tusiyaite mambo haya mawili kwa jina moja.

Nilimpigia Craig nikiwa palepale kwenye gari. Jumapili hatupigi simu, hiyo ni sheria ya ofisi isiyoandikwa. Simu iliita mara ya tatu ndipo akapokea, nyuma kulikuwa na wajukuu.

Nilimwambia sentensi ile ni yangu, na kwamba mimi niliiandika vibaya na yeye akaisoma vibaya, na orodha isitoke hivyo. Nilimweleza habari za mpokeaji. Akasema habari ya mazoezini si ushahidi, mtu yeyote anaweza kusimulia. Na hapo, namshukuru Mungu kwa ukaidi wa kutazama video, nilikuwa na jibu. Nilimwambia aitafute mechi iliyofuata, robo ya tatu. Njia ileile ya kukimbilia, mpokeaji yuleyule. Safari hii anakata kulia, na Enock ameshaurusha mpira kabla mwenzake hajageuka, mahali pasipokuwa na mtu bado. Hurushi hivyo kama hujamfundisha mtu na kumwamini. Mpokeaji anadaka, anafunga, na kabla hata ya kushangilia anageuka na kumnyooshea Enock kidole. Nikamuuliza Craig: kama hakuna anayemfuata, yule pale anafanya nini?

Nikamsikia akiwaambia wajukuu watulie.

Kisha nikamwambia lile ambalo sikujua nitalisema: kwamba kama bado ataona nasema hivi kwa sababu Enock ni wa kwetu, basi kesho tufungue pia ripoti za vijana wa chuo chake, tuzisome pamoja, mstari kwa mstari. Nilidhani atakata simu. Alicheka kidogo, kicheko kisichokuwa na furaha sana, akasema nilete video saa mbili asubuhi. Akasema ana dakika kumi kabla ya kikao kingine.

Hakuahidi kitu. Huenda atatazama, atikise kichwa, na ukurasa ubaki ulivyo. Huenda kuanzia kesho nikawa mfanyakazi mwenye matatizo. Nalijua hilo, na nimeogopa tangu nifike nyumbani, nisiongope.

Nimeifuta sentensi ile kwenye ripoti. Nimeandika nyingine ndefu kuliko kisanduku kinavyoruhusu, mfumo umeikataa mara nne, nimeichapisha kwenye karatasi.

Mama Enock alitumia miaka ishirini na miwili kumlea kijana wake awe alivyo. Mimi nimepewa dakika kumi za kumweleza Craig jinsi alivyo, na hakuna hata moja nitakayoitumia kuomba radhi.