Kijikapu cha Mama wodini

Jumatano, Bukoba. Mvua tangu alfajiri, na mimi nimeamka na uzito moyoni.

Leo ni siku ya sita Mama yuko wodini. Kilichomleta ni nimonia, lakini kinachotushinda ni ule ugonjwa wa kusahau aliokuwa nao kule kijijini kwake Kagoma kwa muda sasa. Anatema vidonge na kuvuta dripu. Juzi wauguzi waliniomba ruhusa wamfunge mkono kitandani kwa bandeji.

Nilikubali. Naandika hivyo hivyo, bila kujitetea.

Kila mtu akimsogelea, Mama hujaribu kuinuka na kupapasa shuka. Tulidhani anataka kutoroka. Jana jioni, nikiwa kwangu Nyanga, ndipo nikagutuka: anatafuta kahawa ya kutafuna, zile punje kavu tunazomkaribishia mgeni. Maisha yake yote hajawahi kumwacha mgeni akae bila kumkaribisha kahawa, na siku zote hizi wageni wanamjia na sindano, yeye hana cha kuwapa. Mimi mwanawe nimechukua siku tano kuliona hilo, halafu najiita msomi.

Asubuhi nikaenda na kijikapu chake cha kahawa, nikamwekea mapajani. Nikamweleza muuguzi wa zamu, nikitegemea anifukuze. Akafungua bandeji, akapiga goti kama binti wa kwetu, akapokea kwa Mama punje mbili kwa mikono miwili, akatafuna. Kisha akampa vidonge. Mama akavimeza taratibu, akashukuru.

Nikalia pale pale.

Halafu Mama akanigeukia, akanisogezea kijikapu. "Karibu, waitu," akasema, kama anavyomwita mgeni yeyote wa heshima. "Nina binti yangu yuko Nyanga. Ukipita huko mwambie aje, hata siku moja tu."

Nikapokea kwa mikono miwili. Nikamwambia nitamfikishia.

Natamani aniite jina langu mara moja, hata kama ni kwa kunigombeza. Natamani sauti ile ya kuniita kutoka migombani wakati mvua inaanza, na mimi najifanya sijasikia. Nilikuwa mjinga sana.

Kesho nitaomba iandikwe juu kabisa ya faili lake: kwanza pokea kahawa yake, ndipo umpe dawa. Bandeji sitairuhusu tena. Kisha nitakaa kando ya kitanda kama mgeni mwingine yeyote, nitafune kahawa yake, nimpe salamu za binti yake wa Nyanga.