Kitanda au Kabati

Elisabethville, Alhamisi jioni, 1962

Hata sasa nikifumba macho nahisi sakafu ya bisi yetu ikitikisika chini yangu, kama tumeshavuka mpaka kwenda Ndola.

Ni bisi ndogo, kuukuu. Mume wangu Firmin ni seremala. Aling'oa viti vya abiria, akaweka kitanda, jiko, na kabati alilolichonga kwa miezi mitatu. Kwa kuwa sisi ni watu wa Kasai, si wa Katanga hii, majirani hawatusalimii tena; ndiyo maana tunahama. Tutaishi ndani ya bisi hadi tupate nyumba kule. Lakini permi ya Firmin ya kuendesha ni ya magari madogo, mwisho tani tatu na nusu. Gari ikizidi, mpakani watatugeuza turudi.

Leo tuliipeleka kwenye mizani. Mpimaji, baba mmoja mpole, alitazama sindano.

"Inapita kidogo, baba. Utoshe kitu kimoja."

"Nitatoa kitanda," Firmin akasema. "Tutalala chini."

"Na ninyi munapimwa pia. Muko bantu ngapi?"

"Babili."

"Batatu," nikasema, mkono tumboni.

Nilitaka kumwambia nyumbani, polepole, si mbele ya mtu...

Firmin alipanda ndani ya bisi. Kisha akakiacha kitanda mahali pake, akachukua bisibisi, akaanza kufungua skrubu za kabati. Tulimwachia mpimaji kabati hilo. Sindano ikashuka.

Bado naogopa askari wa njiani. Lakini chini ya dirisha, lilipokuwa kabati, pamebaki nafasi, na Firmin ameshaipima kwa mikono yake: inatosha kitanda kidogo.