Nahodha Mwoga

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe pamoja na shemeji na lile goti lake linalotabiri mvua. Natumaini mnaamka salama na cherehani bado inanguruma. Ukitaka kujua hali zetu, wifi yako hajambo, watoto hawajambo, na mimi ndio usiseme. Juzi daktari alinipima presha, akaita wenzake waje waone mwili wa mtu wa umri wangu. Wifi yako anasema waliitwa kwa sababu mashine ilikuwa imeharibika. Wewe unatujua wote wawili, amini unayemtaka.

Nimeona niandike badala ya kupiga simu, maana kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi, na haya niliyo nayo yana mwanzo, yana katikati, na yana mahali ambapo utataka kunikatia. Karatasi huwezi kuikatia.

Kwanza nikukumbushe ulichoniagiza, usije ukasema nimezusha. Ulinipigia ukilia. Ulisema binti yako, mwanao wa pekee, amesikia kwamba kuna mzee hapa gatini anatafuta nahodha wa kumvushia boti yake ya tanga mpaka ng'ambo ya bahari, wiki na wiki bila kuona nchi kavu, na kwamba tangu apate cheti cha unahodha hashikiki. Ukasema hutaki ugomvi naye. Kwa kuwa mimi ndiye ninayewapima watu wa safari hizo, basi nimtafutie kosa. Neno moja tu kwa mwenye boti, ukasema, na mtoto atarudi nyumbani bila kujua nani kamrudisha. Nikakubali. Mtu akililiwa na dada yake mkubwa masikioni hana ujanja.

Labda kazi yangu hujaielewa vizuri. Watu wengi wanadhani nauza kamba. Kamba nauza, ndiyo, kibanda changu kiko pale mlangoni pa gati, lakini hizo ni za kujazia. Biashara yenyewe ni watu. Mwenye boti anakuja anasema nataka nahodha, nataka baharia, mtu wa kuaminika, nami nawatafuta na kuwachuja. Wengine wanasoma makaratasi ya mtu. Mimi, niliyeiacha shule kabla haijaniacha, namsoma mtu mwenyewe. Namkaribisha chai nione kama ataosha kikombe chake, maana asiyeosha kikombe wenzake watamtupa majini kabla hawajafika nusu ya safari. Namuuliza ni safari gani iliyomwendea vibaya kuliko zote, na akinijibu kwamba hajawahi kupata safari mbaya, namshukuru kwa kunitembelea. Kisha namtolea uongo.

Hapo ndipo kipaji alichonipa Mungu kinapofanya kazi, kile ulichokuwa ukinichapia utotoni. Namwambia jambo la bahari lisilo la kweli, kwa uso mkavu, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa ndani ya wimbi, halafu nasubiri. Anayeitikia, simtaki. Huko katikati nahodha naye huchoka, huona taa isiyokuwepo, hukosea njia, na akiwa amezungukwa na watu wa ndiyo bwana, wote wanazama kwa heshima. Ninayemtaka ni yule atakayesema samahani mzee, hilo si kweli. Tangu nianze mtindo huu hakuna boti niliyoipangia watu ikarudi na malalamiko. Moja haikurudi kabisa, lakini hiyo iliuzwa huko huko.

Sasa mwenye boti wa safari hii ni daktari wa meno mstaafu, mtu mpole mwenye mikono ya baridi. Atasafiri na mkewe, mama mfupi asiye na maneno, aliyekuwa akikaa kwenye kona ya kibanda changu akifuma sweta na kutusikiliza. Nilimwambia daktari wazi kwamba mmoja wa wanaogombea ni mpwa wangu. Akasema ni vizuri, sasa atajua kama mimi ni mkweli. Ukaona jinsi njia ilivyokuwa imefagiliwa: neno baya kutoka kwa mjomba mtu lingepokelewa kama kiapo.

Waliogombea walikuwa wawili tu, binti yako na jamaa mmoja tunayemwita Kapteni Manukato, kwa sababu unamnusa kabla hujamwona. Ana ndevu, ana kofia, na bahari ameivuka mara nyingi kiasi kwamba kila akihesabu zinaongezeka. Kusema kweli nilimpenda. Nilipokaa naye nilijiona kama naongea na kioo.

Nikawaweka pamoja kibandani, daktari na mkewe wakiwepo, nikatoa uongo. Niliuchagua ule mgumu, Dada, uongo uliovaa suti, ili mtoto ajikwae nimalize kazi yako mapema. Nilisema kwamba mtu akianguka majini, la kwanza ni wote waliobaki washike kamba, maana mikono ikiwa mingi ndivyo boti inavyogeuka upesi. Kapteni Manukato akaitikia, akaongezea na kisa chake. Binti yako hakungoja hata nimeze mate. Akasema hapana Mjomba, mmoja wao hagusi kamba. Huyo kazi yake ni kumnyooshea kidole aliyeanguka na kutomwondolea macho, hata aitwe, hata boti iwake moto, kwa sababu kichwa cha mtu baharini ni kama kifungo kilichodondoka shambani, ukikipoteza mara moja hukioni tena. Kule kwenye kona sindano za kufumia zikasimama.

Siku iliyofuata tulikuwa tutoke kidogo nje ya gati, mmoja mmoja ashike usukani tumwone. Binti yako ndiye aliyeanza. Upepo ulikuwa mwanana, daktari kavaa kofia mpya, kikapu cha chakula kimepangwa. Tanga kubwa lilikuwa bado limekunjwa. Akalipitia akiligusa, mkunjo kwa mkunjo, akafika mahali akasimama. Akaweka ukucha wa kidole gumba juu ya mshono, akauburuta. Dada, uzi ulitoka kama tambi zilizosahauliwa jikoni. Kitambaa kizima kabisa, cha kufungia ng'ombe kisikatike, lakini uzi ulikuwa umeliwa na jua. Akasema leo hatutoki, na kwa tanga hili hakuna safari.

Ule ukucha niliutambua. Ni wako. Ndivyo unavyozifanya sare za shule wakikuletea za fundi mwingine, unaburuta hivyo hivyo, halafu unanyamaza mpaka mwenye nguo mwenyewe aone aibu.

Daktari alinuna, maana tanga lile aliuziwa kwa sifa nyingi. Kapteni Manukato akacheka, akasema yeye ameshavuka na tanga lililochanwa na papa, na kwamba huu ni woga wa kike uliopewa cheti.  Binti yako alichuchumaa akaanza kulifungua tanga ili lipelekwe kwa fundi.

Ndipo daktari aliponivuta pembeni, mkewe akatufuata na sweta lake. Daktari akaniuliza nionavyo mimi. Na hapo, nakuapia, sikukwepa. Nilifanya ulichonituma. Nilisema, "Huyu ni mwoga. Ataogopa tangu mnafungua kamba hadi mnafunga." Aibu ilinipanda kutoka kwenye soli za viatu, kwa sababu nilikuwa namsema mtoto niliyemfundisha kuogelea kwa kumshika kidevu, lakini nilisema lote, na kwa sauti nzuri.

Daktari akatikisa kichwa kwa masikitiko. Aliyejibu ni mkewe, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akitoa sentensi iliyotimia.

"Mume wangu haogopi kitu," alisema. "Yule wa kofia naye haogopi kitu. Nilale humo ndani na wote wawili? Nipeni huyo mwoga."

Ikawa imekwisha. Mwanao ndiye nahodha, na aliyempa kazi ni mimi kwa kujaribu kumnyima. Kama unataka kukasirika nakuomba ukasirike hapa, unywe maji, kisha uendelee kusoma, maana bado.

Ilibaki nafasi ya baharia mmoja. Nikaona hapa ndipo nitakapokutuliza moyo: nitakwenda naye mimi. Bahari na mimi ni ndugu, ingawa wewe umezoea kuwaambia watu kwamba safari yangu ndefu ilikuwa ya kivuko na nilitapika. Nikachana nywele, nikaenda kwa nahodha, nikamwambia nimekuja kuomba kazi. Hakucheka. Akanikaribisha chai kama angemkaribisha mtu yeyote. Nikaosha kikombe. Akaniuliza safari mbaya, nikamsimulia, nikaipunguzia hata mawimbi ili ionekane ya kweli. Kisha akaanza kunieleza taratibu za boti yake taratibu tu, na katikati akasema kwamba mikanda ya usalama, ile inayomfunga mtu na boti asichukuliwe na maji, atawavisha watu wakati wa dhoruba peke yake. Bahari ikitulia, mikanda inatega miguu bure.

Dada, nimewarudisha wanaume wazima makwao kwa kauli hiyo hiyo. Wengi huanguka bahari ikiwa shwari, wamesimama ukingoni wanakojoa zao. Hilo nalijua kama ninavyolijua jina langu. Lakini nilikuwa namtazama. Amekaa pale, mgongo umenyooka, anaongea kama mtu aliyeajiri watu, nami nawaza huyu ndiye aliyekuwa akilala kifuani kwangu akinilowesha shati kwa mate. Nikasema, "Ndiyo, nahodha."

Akakiweka kikombe chini.

"Mjomba," akasema, "hiyo ndiyo yako imetoka haraka mno."

Akanikataa. Mimi, kwa mtego niliouvumbua mwenyewe. Kazi amempa fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, mtu mbishi hujapata kuona. Nilipomwambia asubuhi njema alichungulia kwanza nje.

Halafu akaniuliza, akiwa ameangalia pembeni, kama ni mama yake aliyenituma nikamwite mwoga, maana mke wa daktari alikuwa ameshamsimulia. Nikafungua mdomo nitoe kisa. Unajua ghala langu la visa lilivyo. Hakikutoka hata kimoja. Nilikaa pale nikiyatazama majani ya chai, akawa ameelewa.

Nilitegemea afoke. Alisema tu, polepole, "Lile la mikanda, mama asingenikubalia hata ningemwamsha usingizini. Yeye ndiye ninayemhitaji, na ndiye anayenikatalia kupitia kwa watu."

Haya, Dada, hiki ndicho kilichonikalisha kuandika, hayo mengine yote yalikuwa njia ya kufikia hapa. Tanga limeshashonwa upya na fundi wa matanga, uzi mpya mwanzo hadi mwisho. Liko sebuleni kwangu, limefunika makochi yote, na wifi yako anakula akiwa amesimama. Vitu vingine vyote viko tayari, daktari ameshanunua hadi kofia nyingine. Lakini nahodha amesema tanga halipandi mlingotini mpaka wewe uje upitishe ukucha wako, mshono hadi mshono. Ukisema halifai, litafumuliwa. Na ukiwa na neno la kumwambia asiende, amesema umwambie mwenyewe, usoni, na atakusikiliza mpaka utakapomaliza. Hakuahidi kutii. Nami sikumwomba aahidi.

Sitakudanganya kwamba bahari ile ni bwawa. Nimekaa mlangoni pa gati hili miaka mingi na nimewahi kuwaona watu wakisubiri boti hadi wakaacha kuja kuuliza. Unaogopa, na una haki ya kuogopa. Tulipokosea mimi na wewe ni kuuficha woga wako ndani ya mdomo wangu, ambao hata wewe unajua si mahali pa kuwekea kitu. Na mtoto, ukiniuliza mimi, ule woga alishauona kwako tangu utotoni, kwenye kila mshono, ndio maana leo anagusa tanga kabla ya kulipandisha.

Kwa hiyo njoo. Shemeji atakaa na goti lake siku chache, hatakufa. Njoo na miwani usije ukasingizia macho, na ule mkasi wako usiomwazima mtu.

Wasalimie majirani wote wanaoniulizia, na hasa wasioniulizia. Watoto wanasema shikamoo. Wifi yako anakusalimu kutoka mlangoni, maana ndani hapana pa kukaa.

Ni mimi mdogo wako, ambaye hajakuzidi kitu ila maneno,

Mjomba wa Nahodha

Nimesahau: binti ameisoma barua hii kabla sijaifunga, kalamu mkononi. Pale juu palipopakwa wino mzito palikuwa na nyangumi. Kwingine kote amesema ni kweli. Anauliza utakuja na basi gani, kwa sababu atakuwa stendi mwenyewe, na amesema hataondoa macho mlangoni mpaka akuone umeshuka.