Bidoni ya Maji Nyuma ya Pikipiki

Jumapili, saa kumi ya mchana. Mvua ya asubuhi imekatika, jua limetoka, na avenyu yetu inafuka mvuke. Nisipoandika leo, kesho nitakuwa nimeshajitafutia udhuru, najijua.

Hii ni wiki ya nne tangu ugonjwa wa kuhara uingie mji wetu wa Likasi. Kolera, basi, tuiite kwa jina lake. Kanisani hatupeani tena mikono. Mchungaji ametuambia kila mtu anyanyue mkono wake hewani na kusema amani, nasi tunanyanyua kama wanafunzi wanaoomba ruhusa ya kutoka. Pampu zinasimama kila mara, bomba linakohoa hewa tu, na watu wamechimba visima nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka vyooni. Na mimi, katikati ya haya yote, kila Jumapili nilikuwa ninapanda pikipiki na kwenda kutembea.

Kutembea tu. Siyo kazini, siyo sokoni.

Zamani tulikuwa wanne. Mmoja alipanda treni na familia yake kwenda Kasai, mwingine pikipiki yake imekosa vipuri, tukabaki mimi na Jules, mwenzangu wa kiwandani. Jules ana neno lake: "Bugonjwa iko mu maji, haiko mu mupepo." Aka! Jinsi nilivyolipenda neno hilo. Juma zima kazini natazama mashine zisizozunguka, nyumbani natazama ndoo. Lakini pale nyumba zinapokwisha na barabara inaponyooka, kifua kinafunguka. Kwa nusu saa nasahau hata kwamba nina watoto, na kusema kweli, napenda kusahau.

Mke wangu, Mama Odile, hakupendezwa. Alikuwa ananiambia mbele ya watu wote wa avenyu, "Bantu banakufa, na weye unaenda tu kutembea na ile pikipiki?" Nilihitaji jibu. Jibu langu likawa Mama Feza.

Mama Feza alikuwa mpishi wa shule niliyosoma, kule Mulungwishi. Nilikuwa mtoto mwembamba wa bweni, naye alikuwa ananifichia ukoko wa bukari, ugali wetu, chini ya sahani. Sasa ni mjane, anaishi huko huko peke yake, magoti yamemvimba, na mto uko chini kabisa bondeni. Kwa hiyo tukaanza kumpelekea maji kila Jumapili: bidoni ya lita ishirini, imefungwa nyuma kwa kamba ya mpira. Anayapikia munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, anakunywa, anawagawia majirani. Tangu siku hiyo Mama Odile alinyamaza. Utamgombezaje mwanaume anayempelekea mama mzee maji? Nikawa napita avenyu nzima kichwa juu.

Kweli ni kwamba hata asingekuwepo Mama Feza ningekwenda.

Jumapili iliyopita bomba halikutoa hata tone. Maji yaliyochemshwa nyumbani yalikuwa kidogo, ya watoto. Jua lilikuwa zuri, Jules alishafika mlangoni na kuipigisha kelele injini yake. Kuchemsha lita ishirini ni makaa mengi na saa mbili za kungoja. Nikachukua bidoni, nikateka kwenye kisima cha jirani, kile ambacho sisi tunatumia kwa kusafisha sakafu tu. Nikajiambia, si kitu, munkoyo unapikwa.

Hivyo ndivyo wanavyosema wote hapa. Tangu kolera ianze watu wameacha maji mabichi na kukimbilia munkoyo, roho zao zimetulia, maana umepikwa. Lakini mimi nimekulia pembeni ya sufuria ya Mama Feza! Najua uji wa mahindi unapikwa, ndiyo, kisha unaachwa mpaka upoe kabisa. Ndipo anatia mizizi aliyoitwanga na kuiloweka kwenye maji baridi, na ukiwa mzito anaongeza jagi moja au mawili. Hapo haurudi tena motoni. Na yeye anaupenda wa siku moja, bado mtamu, haujachacha. Haya yote nilikuwa nayajua nikiwa nimeshika ile kamba ya kisima. Niliyajua, nikaendelea kuvuta.

Alhamisi dereva wa lori alileta habari. Mama Feza ameshikwa na kuhara, alilazwa siku mbili kwenye zahanati, amerudishwa nyumbani hana nguvu.

Niliishika habari hiyo kama mtu aliyeshika kaa la moto, nisijue niitupe wapi. Jana ndipo nilipomwambia Mama Odile habari ya kisima. Nilingoja anitukane. Badala yake leo asubuhi alichemsha maji, akayapoza, akayamimina kwenye bidoni nyingine safi na kuifunga mwenyewe nyuma ya pikipiki. Jules alikuwa ameshakwenda upande wa Koni kula upepo wake. Nikaondoka peke yangu na mvua.

Nilimkuta Mama Feza amelala juu ya mkeka, macho yameingia ndani. Aliponiona akacheka. Mungu wangu, alicheka!

"Mutoto yangu, ile maji yako njo ilinisaidia. Ya muto niliogopa. Nilikunywa tu yako."

Bidoni yangu ilikuwa kichwani pake, imefunikwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Bado ilikuwa na robo. Alikuwa anayatunza maji yale kama dawa, anakunywa kidogo kidogo, na jagi moja alimpa jirani yake, Tata Kalenga, kwa upendo. Tata Kalenga yuko zahanati, ana dripu ya seromu mkononi tangu juzi, na hajafungua macho.

Nilibeba ile bidoni nje nikaimwaga yote. Alipiga kelele nyuma yangu, sauti nyembamba, kwamba nina wazimu, kwamba maji hayamwagwi hivyo. Nikarudi, nikapiga magoti, nikamwambia niliyateka wapi.

Aliinuka kidogo kwa kiwiko.

"Kwenu munakunywaka hii?"

"Hapana, mama."

"Munafanyaka nayo nini?"

Nikamwambia. Ya kusafisha sakafu.

Hakulia, hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aligeuza uso ukutani akasema taratibu, "Ya muto ilikuwa mbali tu. Haikuwa mubaya."

Nilimwachia maji ya Mama Odile, nikanywa kwanza mimi mbele yake ili aone. Nilipokuwa navaa koti aliniita. Nilidhani sasa anataka kunifukuza. Akasema, "Batoto ba Tata Kalenga kama banauliza, nitasema ile maji nilitekaka ku muto. Weye uko na batoto." Nilitoka kama mwizi.

Na sasa niandike lile linalonitia aibu kuliko yote. Njiani mvua ilikatika. Jua likatoka, barabara ikang'aa, injini ikaimba vizuri, na kwenye zile kona za karibu na mji kifua changu kilifunguka tena. Baada ya yote hayo! Nilifurahi. Kidogo tu, lakini nilifurahi, na pikipiki ilikuwa inanipeleka mbali na mlango wa Tata Kalenga.

Basi imetosha. Nimeng'oa bujii, ile plagi ya injini, nimempa Mama Odile, ameiweka anapojua yeye. Mpaka kolera itoke Likasi sipandi, na labda hata baadaye sipandi, sijui. Jules atacheka. Acheke.

Kesho nitasimama barabarani mapema na kuomba nafasi juu ya lori. Nitakwenda moja kwa moja zahanati, nimwambie muuguzi, kisha niwaambie watoto wa Tata Kalenga, iwe baba yao yuko hai au hayuko. Sijui nitaanza na neno gani. Ninachojua ni kwamba lazima nifike kabla Mama Feza, pamoja na magoti yake, hajajikokota mpaka kwao kwenda kusema uongo kwa ajili yangu.